Jibu Ukiwa Kwenye Machela

Kwanza nisamehewe mwandiko huu. Shule niliiacha darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu bado ni nzito, kwa hiyo ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Ukikuta herufi imekosewa, tafadhali niwekee ile inayofaa uendelee mbele. Aliyeniomba niandike ni nesi wa dirisha la dawa kule Bwera. Alitaka karatasi za kuweka kwenye benchi la wanaosubiri. Nilimwambia mimi si mtu wa maneno. Akasema, "Ndiyo sababu nimekuomba wewe. Wenye maneno mengi wakiandika, wagonjwa wangu hawamalizi kusoma."

Basi naandika kwa ajili yako uliyeambiwa kwamba kifua kikuu kimeingia kwenye mgongo, na unakaa hapo ukijiuliza kama miguu yako itakurudisha nyumbani. Mimi nilijiuliza hilo mwaka mzima. Sikuwa nikiomba mambo mengine. Nilitaka kupanda njia ya kwetu kwa miguu yangu mwenyewe.

Jina langu ni Bwambale. Mama yangu ni Mkonzo, kabila la milima hii ya mpakani na Kongo, wa kijiji cha Maliba. Baba alikuja kutoka Kenya kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili. Alipofariki, Mama alitupandisha mlimani kwao, kwenye shamba la mjomba wangu aitwaye Kule, na tukakaa huko.

Kutoka kwa mjomba hadi barabarani hakuna njia ya gari. Kuna njia ya miguu tu. Inaanza katikati ya kahawa, inatokea kwenye malisho ya wote, halafu inashuka kwenye mikaratusi mpaka kijito na barabara. Malisho ya wote ni mgongo wa mlima wenye majani, usio na mwenyewe. Kila mtu analisha mbuzi wake pale, hakuna anayelima wala kujenga. Na mtu yeyote ana haki ya kupita, hata mgeni.

Wageni wanapita kweli. Si wale wanaokwenda juu kwenye theluji. Ni wale wanaotaka kutembea tu, kutoka kilima hiki hadi kile, walale, waamke waendelee. Mimi na rafiki yangu Mbusa tulikuwa tukiwabebea mizigo. Mbusa hakuacha kuwashangaa. "Mtu anapanda ndege," alikuwa akisema, "ili aje apande kilima ambacho juu yake hajaacha kitu." Mimi niliwapenda kwa sababu hawakunidai mazungumzo. Nilitembea nyuma yao na begi, nikitazama visigino vyao, na siku ikaisha bila mimi kusema maneno kumi.

Maumivu yalianza kama maumivu ya kazi. Katikati ya mgongo, kama mtu ameweka kidole gumba pale na hataki kukiondoa. Nilinunua vidonge vya dukani. Mjomba alisema ni mabegi ya wageni. Mama alisema nimelala vibaya. Jioni nilipata joto na asubuhi shuka lilikuwa limelowa. Suruali zikaanza kushuka, nikazifunga kwa kamba. Kisha siku moja kwenye kahawa nilitaka kuruka mfereji mdogo, na mguu wa kushoto haukuja. Nilianguka kwenye matope, nikabaki nikiutazama kama mguu wa mtu mwingine. Zilipofika mvua za Novemba, sikuweza tena kusimama bila kushika ukuta.

Hapo ndipo mjomba alipoita machela.

Kwetu machela ni ya kijiji kizima. Ni kitanda cha fito kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, na kila nyumba ya mlimani lazima itoe mtu wa kubeba mgonjwa anapotokea. Wanabeba wanne, na wengine wanafuata kupokezana. Ina desturi yake njiani. Ukikutana nayo, unapanda upande wa juu wa njia, unatua mzigo wako, unasema, "Pole, mgonjwa." Mgonjwa anajibu mwenyewe, "Ninashuka." Wabebaji hawamjibii. Hata akiwa hoi anajitahidi, kwa sababu wale wanaopanda ndio watakaopeleka habari juu: tumekutana naye, amejibu. Asipojibu, na uso umefunikwa, watu wanavua kofia. Maana yake wanajua amekufa.

Sasa mimi nilikuwa kijana ambaye hata kuitwa jina shuleni kulinitoa jasho. Siku ile manyunyu yalikuwa yakianguka, na wanaume wanne, mmoja wao Mbusa, walikuwa wamenibeba kama bi harusi. Niliona watu wa soko wanapanda. Nikawaza, wote watanitazama, mimi niliyekuwa nikipita hapa na begi la mgeni kichwani. Nikavuta blanketi nikajifunika uso.

"Pole, mgonjwa," akasema mama mmoja.

Nilinyamaza.

"Pole, mgonjwa."

Mjomba alikuwa mbele, anahema, macho yakiwa kwenye utelezi. Alidhani nimelala. Nilisikia vikapu vikitua. Nilisikia mzee mmoja akisema polepole, "Jamani, mtoto wa watu." Ndipo nikaelewa, lakini aibu ilikuwa imeshakuwa kubwa zaidi. Utajifunua vipi mbele ya watu ambao wameshakuvulia kofia? Nikasema moyoni, nitawajibu wa mbele. Wa mbele nao nikawapita hivyohivyo.

Mama alikuwa nyuma. Alibaki kuchemsha uji na kufunga nguo zangu, akasema atatukuta. Alikutana na watu wale kwenye malisho ya wote. Hawakumwambia kitu. Walitua vikapu, mmoja akamshika mkono, akasema, "Pole, mama." Hilo lilimtosha kuamini kwamba nimekufa.

Tulikuwa tumefika barabarani, machela imewekwa chini kusubiri gari, tuliposikia kilio kinashuka kwenye mikaratusi. Mjomba akasema, "Huyo ni dada yangu." Mama alitokea bila kitambaa kichwani, bila viatu, chupa ya uji ameitupa huko huko. Alipiga magoti akavuta blanketi. Macho yangu yalikuwa wazi yanamtazama.

Alinipiga kofi.

Kisha akakaa kwenye tope, akaweka paji la uso kwenye kifua changu, akabaki hapo. Mbusa ndiye aliyeuliza. "Sasa amepona au bado tunampeleka?" Mjomba alimwambia afunge mdomo. Kwenye gari mpaka Kasese, na kutoka Kasese mpaka Bwera, Mama alinishikilia mabega ili mashimo ya barabara yasiniumize, ila hakusema na mimi neno hata moja.

Tulikwenda Bwera kwa sababu mama mdogo Biira ameolewa huko, karibu na hospitali. Mwaka ule kulikuwa na hofu ya ugonjwa mwingine uliokuwa ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo langoni kila mtu alinawa kwa maji yenye dawa na kupimwa joto kwenye paji la uso. Mama alimuuliza mlinzi kama kile kifaa hakiwezi kupima na mgongo. Mlinzi akasema, "Ningekuwa na cha mgongo ningeanza na wangu."

Kusubiri ndiyo kazi ya mgonjwa. Unasubiri picha, unasubiri majibu ya picha, unasubiri anayesoma majibu ya picha. Mabenchi hayana pa kuegemea. Nesi niliyemtaja aliniona nimejikunja, akamwinua kijana mmoja mzima aliyekaa ukutani, akasema, "Wewe una mgongo, huyu hana. Mpishe." Tangu siku hiyo nafasi ya ukutani ilikuwa yangu. Nawe iombe. Ukuta ule ni baridi na unatuliza.

Nilipopewa jina la ugonjwa, Mbusa alipiga simu. "Kifua kikuu mgongoni?" akasema. "Basi kimepotea njia. Kiambie kirudi kiulize." Nilicheka mpaka nikalia kwa maumivu. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu mvua zianze.

Zile dawa za mwanzo ni nyingi. Asubuhi unazitazama kwenye kiganja na unajiuliza kama ni chakula. Usiogope ukiona mkojo umekuwa mwekundu kama chai ya rangi. Mimi hakuna aliyeniambia, nilikaa chooni nikisali. Viungo viliuma, chakula kilinuka chuma. Nilifungwa mkanda mgumu kiunoni mpaka chini ya makwapa, na kwenye joto la Bwera jasho lilishuka ndani yake nisiweze kujikuna. Mama mdogo alikuwa akipitisha kijiti cha fagio kati ya mkanda na ngozi. Huruma ndogo kama hizo usizidharau. Nimesahau sindano zote, lakini kile kijiti sijakisahau.

Nyumbani kwake hakukuwa shwari. Mumewe aliogopa kwa ajili ya watoto. Sikumlaumu. Jioni moja nilimsikia nyuma ya pazia. "Kikombe yake iwekwe mbali."

"Nesi alisema hii ya mugongo haiambukize," mama mdogo akajibu.

"Iwekwe mbali tu."

"Sawa. Na yangu iwekwe mbali. Tutakunywa naye huko mbali, mimi na mutoto ya dada yangu."

Siku kadhaa tulikunywa chai wawili nje, kwenye mlango wa jikoni. Halafu asubuhi moja baba mdogo alikuja na kikombe chake, akakaa bila kusema kitu, akalalamikia sukari. Hapo ikaisha.

Mama alirudi Maliba, maharage hayakuweza kumsubiri. Nilibaki na benchi. Hapo nilimpata mzee mmoja kutoka upande wa Kongo, mwenye koti la kijivu na karanga mfukoni. Alinisogelea, akaniita kwa Kifaransa cha kwao, maana yake mdogo wangu.

"Petit, unakunywa dawa na tumbo bule, bila chakula?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Watu beko wanasema wewe iko na mugongo. Mimi niko na mapafu. Tukiunganisha, tunapata mutu muzima moja." Akanipa karanga. "Unaitwa nani?"

Nilimjibu kwa sauti ndogo. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Akaweka tena. Mpaka nilipolitaja jina langu likasikika kwenye benchi zima ndipo akasema, "Ah. Ile ya kwanza nilisikia. Nilitaka na wengine wasikie." Kila siku ya dawa alifanya hivyo. Siku moja alikuja bila karatasi ya dawa. Alikuwa amemaliza, amekuja kuniaga. Aliniachia karanga zilizobaki na hakuonekana tena kwenye benchi lile.

Dawa nyingi ziliisha, nikaanza zile chache. Ilikuwa kiangazi cha mwanzo wa mwaka, vumbi la soko la mpakani likiingia mpaka kwenye chakula. Usiku nilisikia vidole vya mguu wa kushoto vinawaka kama vimekanyaga upupu. Nilimwita mama mdogo, nikidhani ni ubaya mpya. Alivishika, akavipinda, nikamwambia ananiumiza. Akaanza kulia. "Inauma," akasema. "Mungu asifiwe, inauma." Kama miguu yako imeanza kuuma baada ya kunyamaza, nawe furahi.

Nilijifunza kutembea kuanzia mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo. Kisha hadi kwenye bomba. Mvua zilipokuja na kupita nilikuwa nafika lango la hospitali bila fimbo. Mwili ulirudi, mashavu kwanza. Kilichobaki ni kinundu kidogo mgongoni, ukubwa wa limau. Hakitaondoka.

Mama alikuja wakati wa kuanika kahawa, vidole vyake vikinuka maganda. Alipitisha mkono juu ya kinundu kile. Kulikuwa bado na jambo kati yetu, na mimi sikujua pa kuanzia. Alianza yeye.

"Siku ile nilipokupiga," akasema, "sikukusudia. Mkono ulitaka kujua kama una joto."

"Nilisikia watu, Mama. Niliona aibu kujibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kubebwa."

Aliondoa mkono kwenye kinundu. "Mimi pale kwenye malisho nilikaa chini," akasema. "Sikuweza kusimama. Kama wewe tu, miguu ilikataa. Ungesema neno moja tu, Bwambale, ningemaliza kushuka na uji wangu."

Sikulia mbele yake, lakini nililiweka neno hilo moyoni.

Mwaka ulipotimia daktari alitazama picha, akasema dawa zimetosha. Akasema pia nisibebe mzigo tena, kichwani wala mgongoni. Kupanda mlima akaruhusu, polepole, mara moja, kisha nipumzike. Mjomba alipiga simu kwamba ataleta machela barabarani.

"Hapana, mjomba," nikasema.

Nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "Amekataa. Huyu ni Bwambale kweli?"

Tulianza kupanda asubuhi, mimi mbele na Mama nyuma na mfuko. Maji ya kijito yalikuwa yamepungua, mawe makavu. Kwenye mikaratusi nilishika kila mti kama jamaa tuliyepoteana naye. Nilipotokea kwenye malisho ya wote upepo ulinikuta kifuani, na mbuzi wakainua vichwa. Mapaja yalitetemeka. Nilikaa kwenye jiwe, nikaendelea, nikakaa. Mwisho wa majani niliona kahawa za mjomba na bati la nyumba. Ilibaki kipande kidogo ambacho zamani ningekipanda huku nakula muhogo. Nilijua nimefika.

Hapo machela ikatokea juu.

Walikuwa watu wa kilima kinachofuata, sikuwajua vizuri. Tulipanda upande wa juu, Mama akatua mfuko. Nyuma yetu walikuwa wamefika wanawake wawili wa soko, nao wakatua vikapu. Kwenye machela kulikuwa na mtu mwembamba, amefunikwa mpaka juu. Vidole vilikuwa vimeshika ukingo wa blanketi kwa ndani.

"Pole, mgonjwa," nikasema.

Kimya.

"Pole, mgonjwa," akasema mmoja wa wanawake. Kimya. Nilimwona anaweka mkono mdomoni.

Mbebaji wa mbele alihema, "Tupishe, kijana." Wakapita. Nilitazama bati la mjomba, halafu nikatazama blanketi lile linavyoshuka. Nikageuka.

Nilishuka pembeni mwa machela kwenye majani, miguu ikigongana. Nikasema karibu na kichwa chake, "Ndugu, mimi ni Bwambale. Mwaka jana nilipita hapa nimejifunika kama wewe. Watu walinililia nikiwa nasikia."

Blanketi likasogea. Ilikuwa sauti ya msichana. "Wananitazama."

"Ndiyo, wanakutazama. Nani anakufuata nyuma?"

"Mama. Ana chupa ya chai."

"Basi mjibie mama yako. Hawa unaokutana nao ndio atakaokutana nao yeye."

Hakusema kitu. Tulikuwa tumerudi katikati ya malisho. Mzee mmoja alikuwa akipanda na mbuzi wake. Akapanda upande wa juu, akavua kofia kidogo, akasubiri. "Pole, mgonjwa."

Nilitembea. Nilisikia majani tu, na pumzi za wabebaji.

"Ninashuka," akasema msichana.

"Asante," mzee akasema, akarudisha kofia. Mbebaji wa nyuma akacheka. "Kumbe tumebeba mtu. Mimi nilidhani ni gunia la kahawa." Blanketi likashuka mpaka kidevuni. Alikuwa na macho makubwa, yenye hasira kidogo, na nilifurahi kuyaona.

Nikabaki chini na mlima wote juu yangu. Nilipanda tena. Sitakudanganya, kipande kile nilikipanda nusu yake kwa mikono. Kwenye jiwe nililopumzikia niliwakuta Mama na mama wa yule msichana. Mama yangu, alipoona nimegeuka, alikisia kwamba kuna mama anayefuata, akaendelea juu kumtafuta kabla wanawake wa soko hawajamfikia. Walikuwa wameketi, wanashirikiana kifuniko kimoja cha chai.

"Amejibu," nikasema.

Yule mama alisimama, akakaza kitambaa. "Wasingya," akaniambia, ndiyo asante ya kwetu, akashuka na chupa yake bila kukimbia.

Mama alinitazama magoti yenye udongo. "Daktari alisema upande mara moja."

"Daktari hakukutana na machela."

"Huko Bwera walikupa dawa ya mgongo au ya mdomo?" akasema, akachukua mfuko, akanitanguliza.

Sasa natembea mbele ya wageni bila mzigo, nawaonyesha njia. Mbusa anabeba nyuma na kulalamika kwamba ugonjwa umenipandisha cheo. Wageni nawaambia jambo moja kabla hatujaingia kwenye malisho: tukikutana na machela, pandeni upande wa juu, mtue mizigo, msalimie, kisha msubiri. Bado natoka jasho nikisema. Lakini nasema.

Nawe uliye kwenye benchi, labda upo kwenye nafasi yangu ya ukutani, nimekusalimu kwa karatasi zote hizi. Nijibu. Neno moja litatosha, hata la penseli, hata mwandiko uwe mbaya kuliko huu. Mwachie nesi wa dirishani, atanitunzia mpaka siku nitakapokuja kupimwa. Usiniandikie majina ya dawa. Niambie tu kama unashuka au unapanda, maana huku juu kuna watu wataniuliza.